Idadi: Moja

Mwenye nyumba wangu wa Nkuhungu anaamini nakusanya kodi.
Nimemweleza mara tatu: si kodi, mama, ni misimbo.
Daktari anakata, mimi naandika tarakimu,
na bima hailipi kisu, inalipa tarakimu.
"Basi ni kodi tu hiyo," akasema.
Nimeacha.

Ofisi yetu iko nyuma ya chumba cha kufulia.
Mashuka ya wodi ya upasuaji yananing'inia mbele ya dirisha
na upepo wa Julai, ule unaochubua midomo,
huyapiga hadi utadhani kuna mtu anapepeta uwele.
Jumanne faili likaja na vumbi jekundu kwenye jalada:
Ndahani Chidawali, miaka hamsini na sita,
mkulima wa mpunga, Bahi.
Kichocho tangu utotoni, hakikutibiwa.
Damu kwenye mkojo; alidhani ni uchovu wa jembe.
Saratani.

Kisha mwandiko wa Dokta Nyemo,
umelala upande kama mtama uliopigwa na mvua ya mawe:
kibofu kimeondolewa chote.
Utumbo mwembamba, sentimita hamsini na nne,
umechanwa kwa urefu, ukakunjwa, ukashonwa,
ukawa kifuko. Mirija ya figo juu, njia ya mkojo chini.
Saa saba na robo mezani.

Nikasoma tena.
Utumbo uliozoea ugali na mlenda maisha yake yote
umeamka kwenye kazi nyingine.
Dodoma tunaujua uhamisho,
tumewaona wakishusha makabati barabarani wakiuliza maji yako wapi,
lakini hata wao walipewa barua.

Kanuni ni hii: kuondoa na kujenga ni tendo moja,
msimbo mmoja. Ukitenganisha, dai linarudi na mhuri mwekundu.
Mbeleje alitenganisha mwezi wa tatu,
kibofu peke yake, utumbo peke yake, mshono peke yake,
hospitali ikasubiri fedha mpaka zabibu zikaisha sokoni.
Kwa hiyo: tarakimu tano.
Idadi: moja.

Kidole kikasita juu ya kitufe.
Moja ya nini?

Bibi yangu wa Mvumi, kibuyu kikipata ufa,
alitoboa kingo kwa msumari wa moto,
akapitisha kano ya ng'ombe, kushoto, kulia,
kama nyayo za kuku, akaziba kwa nta.
Kikishika maji alikiita vilevile, kibuyu.
Matundu hakuyahesabu.

Nilipanda wodini kwa sababu ya ile nne;
ingeweza kuwa saba.
Nesi akathibitisha ni nne. Ningeshuka.
Lakini Ndahani alikuwa ameketi kitandani, mpira umetolewa jana,
simu mkononi, anatafuta mlio.
"Kila saa tatu," akaniambia, "hata usiku.
Zamani mkojo uliniita. Sasa mimi ndiye nauita."
Akacheka, akashika tumbo, akaacha kucheka.
"Na maji wamesema lita tatu kwa siku.
Kwetu lita tatu ni za mtu na mbuzi wake."

Akauliza mimi ni daktari wa nini.
Nikasema wa namba.
"Yangu ngapi?"
Nikamtajia. Akairudia polepole
kama mtu anayepewa namba ya simu ya mkwewe,
akakosea ya nne, nikamsahihisha,
akairudia tena. Sijui alitaka kuifanyia nini.

Nikashuka. Nikaandika. Idadi: moja.
Nikatuma kabla umeme haujakatika.

Saa kumi na mbili jioni nafunga mlango,
mashuka yamekauka, mengine yana madoa yasiyotoka.
Huko juu, dirisha la tatu,
jogoo wa simu akawika,
akawika tena,
akanyamaza.
Nikasubiri, ufunguo kwenye kitasa,
mpaka niliposikia maji ya choo.